Ng'ombe wa Mashamba Manne

"Wameniibia," alisema Trent Kessinger, hata kabla Ofelia Archuleta hajazima injini. "Wameniibia kweupe, na wewe ndiyo kwanza unakuja saa hizi!"

Ofelia alishuka, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akaanza kutazama chini. Ndiyo kawaida ya mkaguzi wa chapa za mifugo: kwanza ardhi, halafu wanyama, watu mwisho. Theluji ya Aprili ilikuwa inayeyuka, barabara ya changarawe imekuwa tope tupu, na penye tope kila aliyepita huacha habari zake.

"Ng'ombe wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wekundu wote, wana chapa yangu, K ndani ya duara."

"Nani aliwaona mwisho?"

"Lyle Teague, kibarua wangu. Mimi naishi Denver, silali na ng'ombe."

"Na walikuwa shamba lipi?"

Kessinger akatazama pembeni. "Kwenye ardhi yangu."

"Una mashamba manne barabara hii, bwana. Hapa Ziwani, halafu Mlimani, Misonobari na Machweo. Waliibwa lipi?"

"Nimekwambia kwenye ardhi yangu! Umekuja kutafuta ng'ombe au kunihoji mimi?"

Ofelia aliliweka jibu hilo kando. Tangu aanze kazi katika bonde la Tolliver hakuwahi kukutana na mtu aliyeibiwa ng'ombe akashindwa kuonyesha walipokuwa. Wengi watakuonyesha hata jiwe ambalo ng'ombe alipenda kujikunia.

Juu ya geti palikuwa na bango jipya lenye picha ya nyumba ya magogo na watu wanaocheka meno yote nje: VIWANJA VYA MAKAZI, MANDHARI YA ZIWA. Ofelia alilisoma, akapita chini yake, akaanza kuzunguka uzio kwa miguu. Kessinger alimfuata na viatu vyake vya mjini, akilalamika kila alipozama.

Uzio haukuwa umekatwa popote. Hapakuwa na alama za trela lililorudi nyuma kupakia, wala tope lililovurugwa jinsi ng'ombe wanavyolivuruga wakiswagwa na watu wasiowajua. Kwato zilitoka getini zikaingia barabarani kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, kwa utulivu wa watu wanaokwenda kuchukua chakula harusini. Mbele yao ilipita gari yenye matairi pacha nyuma.

"Hawakuswagwa," alisema Ofelia. "Walimfuata mtu."

"Nani?"

"Mtu wanayemjua."

Alirudi getini. Hapo ndipo alipokaa sana. Geti lilikuwa limefungwa. Mnyororo umezungushwa kwenye nguzo mara mbili, na ndoano yake imeingizwa ndani, chini ya mzunguko wa pili, ng'ombe asiweze kuifungua kwa kujisugua.

"Mmelikuta hivi?"

"Lyle amelikuta hivi hivi asubuhi. Limefungwa, ndani hamna hata ndama."

"Mwizi gani anafunga geti la shamba tupu?" Ofelia aligusa ndoano kwa ncha ya kidole. "Mwizi wa mbali angeliacha wazi akatimua mbio. Huyu kalifunga bila hata kufikiri. Ni mtu wa bonde hili hili, bwana Kessinger. Aliyefunga mnyororo huu ndiye mwizi wako."

"Basi mtafute! Nawataka ng'ombe wangu kabla ya saa nane mchana."

"Saa nane kuna nini?"

"Kuna mimi kuwa na haraka," alisema Kessinger, akaenda kujifungia ndani ya gari lake.

*

Katika barabara ile, mwenye lori la matairi pacha alikuwa Lyle Teague mwenyewe. Ofelia alimkuta mlangoni kwake akila chapati ya mahindi iliyofungiwa viazi na pilipili kijani. Mbwa wake alibweka mara moja kutimiza wajibu, akalala tena.

"Kama ni habari ya ng'ombe, sijui kitu," alisema Lyle.

"Sijakuuliza."

"Ndiyo nakujibu mapema, dada."

"Nataka kuona lori lako."

Lyle aliguna, akamwongoza nyuma ya nyumba. Lori lilikuwa limekaa juu ya magogo, matairi yametolewa, gia boksi limelala kwenye majani pembeni. Juu ya boneti kulikuwa na theluji ambayo haikuguswa tangu ilipoanguka. Ofelia alipitisha mkono chini ya injini, akatoa kiota cha ndege.

"Limekufa tangu Krismasi," alisema Lyle. "Ukinipa hela ya gia boksi nitakubali hata kuitwa mwizi."

Ofelia alikirudisha kiota mahali pake. Hapo aliona amepoteza mwizi mzuri sana.

"Sasa unawalishaje?"

"Kwa gari ya mke wangu. Robota mbili za nyasi nyuma, napiga honi, wanakuja."

"Honi?"

"Wakisikia honi wanajua chakula. Wale ni wajinga, hata basi la shule likipita asubuhi likipigia watoto honi, wanalikimbilia mpaka kwenye uzio wakidhani ni mimi. Dereva anawapungia mkono wa pole." Lyle alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alitafuna polepole.

"Saa nane leo kuna nini, Lyle?"

Lyle aligeukia lori, akafuta theluji kwenye boneti.

"Wizi wa ng'ombe ni jela. Nataka kujua kama nikuweke ndani ya habari hii au nje."

"Nje," alisema Lyle haraka. "Niweke nje. Leo anapita Vigil."

Norbert Vigil alikuwa mthamini wa ardhi wa kaunti. Kila mwaka hupita shamba kwa shamba, akatazama ardhi inatumika kwa kazi gani, akapanga kodi yake.

"Anaanzia Ziwani," aliendelea Lyle. "Anaona ng'ombe, anaandika malisho. Bosi anampa kahawa, anamwonyesha ziwa, anamsimulia samaki aliowahi kuwavua. Mimi huku nyuma napakia, napita njia ya juu. Vigil akifika Mlimani, ng'ombe hao. Misonobari, hao. Machweo hao hao, hoi bin taabani."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Ratiba wanaijua kunishinda. Wakimwona Vigil anashika kikombe, wanapanda trela wenyewe."

Ofelia alijitahidi asicheke, akashindwa. Halafu akauliza jambo lisilochekesha. "Mjukuu wako anasoma wapi?"

Lyle akafuta mikono kwenye suruali. "Hapo hapo Tolliver. Ijumaa anashinda na mimi, si unajua Ijumaa wamefunga."

"Na unajua kwa nini wamefunga."

"Najua, Ofelia. Nipe kibarua kingine basi, uone kama sitaacha hiki leo leo."

Hakuwa na kibarua cha kumpa. Alipofika garini alikumbuka swali moja zaidi, akashusha kioo.

"Jana kanisani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Tuliimba bila kinanda, aibu tupu. Mchungaji alianzisha juu sana, tukaishia kupiga kelele kama mbuzi."

"Mpiga kinanda alikuwa wapi?"

"Sijui. Hajawahi kukosa yule mama," alisema Lyle, na akaonekana kutamani hilo swali asingeulizwa.

*

Huku kwetu shule hula kodi ya ardhi. Ardhi ikiandikwa malisho, kodi yake ni ya kununulia chaki. Ikiandikwa viwanja vya makazi, ni ya kuezekea paa. Sheria hiyo haina ubaya kwa mfugaji wa kweli anayeamka na baridi kuzalisha ndama. Ubaya ni mtu kuuza kiwanja kwa bei ya ziwa huku anakilipia kodi ya nyasi, na kusaidiwa na ng'ombe kumi na mmoja waliochoka. Wilaya ya shule ya Tolliver ilikwisha kwenda kwa wapiga kura mara tatu kuomba kodi iongezwe kidogo. Mara zote tatu wastaafu waliohamia nyumba mpya za kando ya ziwa, ambao watoto wao walimaliza shule zamani, walijibu hapana. Basi Ijumaa ikafutwa. Muziki ukafutwa. Basi la pili likauzwa. Mwaka huu watu wa jimbo wamesema paa lisipotengenezwa kabla ya Septemba, jengo litafungwa na watoto watapelekwa Garnet, ng'ambo ya mlima, kwa njia ambayo theluji huifunga inavyotaka. Mambo haya yanaudhi, na mimi sitajifanya hayaniudhi.

Ofelia naye alikuwa amesoma hapo. Lakini alikuwa na kazi ya kufanya, na aliifanya. Alipita Mlimani, Misonobari na Machweo, akasimama kwenye kila geti. Theluji ilikuwa haijakanyagwa. Mavi aliyoyakuta yalikuwa makavu ya mwaka jana, mepesi, yanapeperuka ukiyapiga teke. Kila shamba lilikuwa na bango lake, na watu wa kwenye picha walikuwa wale wale.

Kisha akafuata kwato. Zilikwenda na barabara, zikapita kanisa, zikapita duka la pembejeo lililofungwa, zikakata kulia.

Zilimfikisha nyuma ya Shule ya Tolliver, kwenye uwanja wa mpira. Ng'ombe kumi na mmoja wekundu walikuwa wametawanyika kati ya magoli mawili wakila nyasi kavu zilizomwagwa katikati. Pipa la maji lilikuwa limejaa. Mmoja alikuwa anajikuna kwenye mlingoti wa goli kwa raha zote. Geti la uwanja lilifungwa kwa mnyororo uliozungushwa mara mbili, ndoano ndani.

Kando ya geti lilisimama basi la shule, la njano, matairi pacha nyuma, tope mpaka madirishani.

*

Marlys Haugen alikuwa mkuu wa wilaya nzima ya shule. Alikuwa pia mwalimu wa kilimo, dereva wa basi pekee mwenye leseni, mpiga kinanda wa kanisa, na siku za Jumatatu, mpishi akienda kliniki, mgawaji wa chakula. Ofelia alimkuta amevaa aproni juu ya koti la ofisini, anachota supu ya maharage na pilipili na kumwekea kila mtoto mkate wa mdalasini pembeni. Nyuma yake, ndoo tatu zilikuwa zinapokea maji kutoka darini.

"Ofelia! Umekonda. Shika sahani."

"Nimekuja kazini, Mwalimu."

"Mimi pia niko kazini, na nitakula. Shika."

Ofelia akashika sahani. Walisogea dirishani, mbali na watoto.

"Kuna ng'ombe uwanjani kwako."

"Nimewaona. Wanacheza vizuri kuliko timu yetu."

"Mwalimu, kabla hujasema lolote, zipo haki zako ninazotakiwa kuku..."

"Ni mimi niliyewachukua."

"Nimesema subiri!"

"Nisubiri nini? Jana, watu wakiwa kanisani. Nimepiga honi mbili, wametoka kwa mstari kama darasa la kwanza. Sikuvunja kitu, sikumpiga mnyama. Nyasi nimenunua kwa hela yangu. Na geti nimefunga."

"Shamba lilikuwa tupu," alisema Ofelia. "Ulikuwa unafungia nini?"

Marlys alijifuta mikono kwenye aproni.

"Sasa ulitaka niliache wazi?" aliuliza, kama mtu aliyetukanwa.

"Ungeliacha wazi, saa hizi ningekuwa natafuta wezi mpakani mwa jimbo."

"Basi na nifungwe. Mimi geti wazi siachi."

Tone la maji lilianguka kwenye ndoo. Mtoto mmoja alipiga chafya, wengine wakamwombea baraka kwa pamoja kwa kelele, wakacheka.

"Hayo uliyosema sijayasikia," alisema Ofelia kwa sauti ya chini. "Sikukusomea haki zako, na mahakamani hayana kazi. Usiyarudie mbele ya mtu."

"Nitayarudia mbele ya yeyote. Ofelia, nimeomba kwa adabu mpaka adabu imeisha. Wapiga kura nimewaomba mara tatu. Kessinger nimemwendea ofisini kwake Denver, akanipa kalamu yenye jina lake. Vigil nimemwambia ng'ombe ni wale wale, akanijibu anaandika anachokiona kwa macho. Haya. Leo na aone."

"Ni jinai. Utafungwa, na leseni ya ualimu utanyang'anywa."

"Leseni ya kufundisha wapi, chini ya mvua?" Marlys alimega kipande cha mkate wake wa mdalasini, akakiweka kwenye sahani ya Ofelia bila kuulizwa. "Nina watoto mia moja na kumi hapa. Wakipelekwa Garnet, wadogo watapanda basi gizani na kurudi gizani, na siku njia ikifungwa watalala sakafuni kwa watu. Nimewaapia wazazi wao kwamba haitatokea. Kwa hiyo toa pingu zako kama unazo. Lakini mpaka saa nane ipite, ng'ombe wale hawatoki."

Ofelia alikula kile kipande chote. Alikuwa na hasira, na hakujua vizuri amkasirikie nani. Kisha akatoa simu.

"Bwana Kessinger? Wamepatikana. Shule ya Tolliver, uwanja wa mpira. Njoo na trela." Alikata, akabonyeza namba nyingine. "Norbert, kabla hujaanza mizunguko yako leo, pitia shuleni. Nahitaji shahidi."

"Unamwita na Vigil?" aliuliza Marlys.

"Sheria inataka shahidi awe ofisa wa kaunti," alisema Ofelia. "Mimi nafuata sheria, Mwalimu. Tangu asubuhi sijafanya kingine."

*

Kessinger alifika anakimbia. Nyuma yake Lyle aliendesha trela la kukodi, uso wote aibu. Norbert Vigil alikuja mwisho, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani makavu, akawaamkia wote mmoja mmoja, Marlys mara mbili.

"Ndio hawa!" alipaza sauti Kessinger. "Lyle, pakia upesi."

"Bado," alisema Ofelia. "Chapa ni yako, hilo sina ubishi. Ila mnyama aliyeripotiwa kuibwa hatoki mpaka mwenyewe aape mbele ya shahidi alikuwa wapi alipoibwa. Inua mkono wa kulia."

"Mbele ya nani?"

"Bwana Vigil yupo. Atafaa."

Vigil alivua kofia, akasubiri kwa heshima.

Kessinger aliinua mkono nusu. "Naapa ni ng'ombe wangu na waliibwa kwenye ardhi yangu."

"Shamba lipi?"

Aliwatazama ng'ombe. Akamtazama Vigil. Akatazama saa.

"Walikuwa wamegawanyika," alisema. "Wengine huku, wengine kule."

"Kwato zote zilitoka geti moja. Nimezifuata kwa miguu yangu mpaka hapa. Kwenye mageti matatu mengine theluji haijakanyagwa, na mavi ni ya mwaka jana. Ila kama unaapa walikuwa mashamba manne, nitakipokea kiapo chako. Kiapo cha uongo nacho kina jela yake, nakukumbusha tu."

"Bosi, sema si wako," alinong'ona Lyle, akidhani anasaidia.

"Wakiwa si wake," alisema Vigil taratibu, "wake wako wapi? Maana nina hamu ya kuwaona."

Ng'ombe mmoja alianza kukojoa katikati ya uwanja. Alikojoa kwa muda mrefu sana, na wote wakamtazama mpaka alipomaliza.

"Ziwani," alisema Kessinger.

"Wote?"

"Wote! Ziwani! Naapa! Mmeridhika?"

"Kwa hiyo Mlimani hamna," alisema Vigil. "Misonobari hamna. Machweo hamna."

"Norbert, sikiliza, mimi na wewe tumekunywa kahawa miaka mingapi..."

"Mingi. Kahawa yako nzuri." Vigil alivaa kofia yake. "Mimi huandika ninachokiona, bwana. Leo nimeona. Viwanja vitatu vya makazi, mandhari ya ziwa. Si ndivyo mabango yako yanavyosema?"

Marlys alishika uzio kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Ofelia hakuweza kujua analia au anacheka.

Lakini Kessinger hakuwa mtu wa kupigwa mara moja akalala. Aligeuka, uso umeiva, akanyoosha kidole kwenye geti la uwanja.

"Sawa. Nimeapa. Sasa mkamate huyo mama! Asubuhi umesema mwenyewe, Inspekta, kwa mdomo wako: aliyefunga mnyororo ule ndiye mwizi wangu. Haya, mnyororo huo! Mara mbili, ndoano ndani. Ule ule!"

"Ni m..." alianza Marlys.

"Mwalimu," Ofelia alimkata, "darasani ulitufundisha kunyoosha mkono kabla ya kusema. Sijakuona ukinyoosha."

Marlys akanyoosha mkono.

"Na sijakuruhusu." Ofelia alimgeukia Kessinger. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Umesema kweli. Nilisema hivyo, na silikani neno langu. Norbert, fungua hilo geti, toka nje, halafu lifunge."

Vigil hakuelewa, lakini alikuwa mtu mtiifu. Alitoka, akavuta geti, akazungusha mnyororo. Mara moja. Mara mbili. Akasukuma ndoano ndani kwa dole gumba, huku anatazama mawingu.

Kessinger alimkodolea macho.

"Nani alikufundisha hivyo?" aliuliza Ofelia.

"Eh? Hapa. Darasa la kilimo, mwalimu aliyekuwepo kabla ya Marlys. Ukikosea unakaa bila chakula cha mchana."

"Na mimi nimefundishwa hapa hapa," alisema Ofelia. "Lyle katokea Oklahoma, yeye hutundika tu, ndiyo maana kila wiki tunamrudishia ng'ombe kutoka barabarani. Sisi wengine wote tunafunga hivyo. Kwa hiyo, bwana Kessinger, mwizi wako amesoma Shule ya Tolliver. Nitahoji kila mmoja. Nianze na bwana Vigil. Nikitoka hapo nimhoji sherifu, amesoma hapa. Halafu jaji wa kaunti, mwaka wake walikuwa darasa la watu saba. Yeye ndiye utakayesimama mbele yake na kesi hii, kwa hiyo mwambie mapema ni shamba lipi."

"Ng'ombe wako uwanjani mwake! Alama za basi lake ziko getini kwangu!"

"Basi linapita getini kwako kila asubuhi. Na aliyekuta mifugo ya watu imezagaa, sheria inamtaka aipe maji na chakula mpaka mkaguzi afike. Maji yapo. Nyasi zipo. Mkaguzi nimefika."

"Nitakupeleka kwa wakubwa wako!"

"Nipeleke," alisema Ofelia. Alijua atapelekwa, na alijua itauma. "Uwaambie pia wale ng'ombe wa Machweo walikuwa wanakaa wapi miaka yote hii."

Kessinger alimwangalia Lyle, labda akitafuta mtu wa upande wake. Lyle alikuwa amekwenda kufungua trela. Alipiga honi mara moja, na ng'ombe kumi na mmoja wakapanda wenyewe, kwa mstari, bila kuambiwa.

*

Jioni basi liliondoka na watoto wake kama kawaida, Marlys usukani, Ofelia nyuma yake na gari la serikali. Walipita Machweo. Vigil alikuwa ameegesha pale, kachutama kwenye theluji, anapiga picha nyasi ambazo hazikuliwa na mtu.

Ziwani, basi lilisimama ghafla. Ng'ombe walikuwa wamerudishwa ndani, wamesimama katikati ya shamba wanashangaa, na Kessinger alikwisha ondoka zake Denver. Geti aliliacha wazi.

Marlys alikuwa ameanza kushuka, lakini Ofelia alimwahi. Alivuta geti kwenye tope, akazungusha mnyororo mara mbili, akaingiza ndoano ndani. Ndani ya basi watoto walimpigia makofi, hata hawakujua ya nini.

Marlys alitoa kichwa dirishani.

"Kesi bado iko wazi, siyo?"

"Iko wazi, Mwalimu. Sijamaliza kuhoji."

"Basi ukija kunikamata, njoo Ijumaa. Siku nyingine nina watoto."

Ofelia alijipangusa tope kwenye suruali. Alitazama barabara, upande wa Machweo, ambako Vigil alikuwa bado anapiga picha.

"Itabidi niwahi, basi," alisema. "Mwaka ujao hata Ijumaa utakuwa na watoto."

Marlys aliingiza gia, akapiga honi mbili ndefu, na ng'ombe wote kumi na mmoja wakaja mbio mpaka kwenye uzio.